Uzi: Nataka kamera ya zumu kubwa kwa ajili ya ndege. Nikon P900, P950, P1000 au Canon SX70?

Kitwitwi wa Ununio

Wakuu habari za jioni. Niende kwenye hoja.

Naishi huku Ununio, Dar, na mwaka wa pili huu nimeshikwa na ugonjwa wa ndege. Ulianza polepole. Daktari aliniambia nitembee kwa ajili ya presha, nikawa natembea ufukweni kila Jumapili asubuhi, nikaanza kuwatazama wale wadogo wanaokimbizana na mawimbi (kitwitwi, ndiyo jina langu humu), nikanunua darubini ya mtumba, nikanunua na daftari. Sasa hivi watoto wa jirani wakiniona wanaita "babu ndege!" na hata miaka hamsini sijafika.

Shida ni picha. Simu yangu nikivuta, ndege anakuwa tope. Mwezi uliopita maji yamekupwa mbali, nikaona kundi kama la ndege thelathini: weupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Nimewauliza wavuvi watatu, nimepewa majina matatu, moja ni la samaki. Picha niliyopiga ni hiyo hapo chini. Ndege ni zile nukta nne kushoto kwa ngalawa.

Nimejichanga nina milioni mbili. Nimepata mambo matatu mezani:

Kuna duka Kariakoo wana Nikon P900 iliyotumika, wanataka milioni 1.1. Dada yangu yuko Dubai anarudi Disemba, anaweza kunichukulia mpya, P950 au Canon SX70. Halafu kuna jamaa kazini anasema nivumilie nijichange zaidi ninunue P1000 kwa sababu inavuta mara 125, "ukishakuwa na hiyo umemaliza".

Kamera za kubadilisha lenzi sitaki. Niliona bei ya lenzi moja ya ndege nikafunga ukurasa.

Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Kubisha

Milioni mbili umpige picha kunguru wa Dar? Kunguru mwenyewe anakuja hadi mezani kukunyang'anya chipsi. Mpige na simu.

---

Jicho la Mwewe

Mkuu Kitwitwi karibu kwenye ugonjwa, dawa haijapatikana. Nimepiga harusi miaka kumi na moja, ndege napiga kwa mapenzi. Nilikuwa na P900, nikaiuza nikachukua P1000, nayo nikaiuza. Kaa nikueleze.

Kwanza hizo "mara 83" za P900 na "mara 125" za P1000 zipuuze. Hiyo ni milimita za mwisho wa lenzi ukizigawa kwa za mwanzo, basi. Unachotaka kujua ni inaishia wapi. P900 ya 2015 na P950 ya 2020 zote zinaishia milimita 2000. P1000 ya 2018 inaishia 3000. Canon SX70, nayo ya 2018, 1365. Panasonic FZ82 inaishia 1200. Sony RX10 IV inaishia 600 tu, na ndiyo ghali kuliko zote: ilipotoka 2017 iliuzwa dola 1,700 hivi, wakati P900 ilitoka kwa dola 600. Jiulize kwa nini fupi ndiyo ghali.

Jibu ni sensa. Si ile ya watu na makazi. Nasema kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Nikon zote hizo tatu, Canon na hiyo Panasonic zina sensa ya milimita 6 kwa 4.5 hivi, ukucha wa kidole kidogo. Simu nyingi za bei ya juu zina kubwa kuliko hiyo. Ya Sony ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni mara nne.

Na hapo ndipo uchawi wa P900 ulipo. Lenzi yake ikinyooka yote ni milimita 357 halisi. Hiyo 2000 ni hesabu ya kulinganisha na kamera za filamu za zamani. Kwa kuwa sensa ni ndogo, inakata kipande kidogo tu katikati ya picha, ndege anajaa. Kwenye jua safi utashangaa. Wingu likipita, au ndege akiingia kwenye mwembe, kamera inaanza kupandisha ISO, yaani kuukuza kwa nguvu mwanga mdogo ilioupata, na manyoya yanageuka kuwa uji. Mimi kwenye sensa hizo sipendi kupita ISO 400. Nikifika 800 najua picha ni ya kumbukumbu, si ya ukutani.

Sasa hesabu ya ndege mwenyewe. Chukua chozi, sentimita 11 hivi kutoka mdomo hadi mkia, yuko mita 20 kwenye ua la mgomba. Kwa 2000, upana wa picha yako hapo alipo ni kama sentimita 35, kwa hiyo chozi anakula karibu theluthi ya picha. Kwa 1365 ya Canon upana ni kama sentimita 51, anakula moja ya tano. Kwa 600 ya Sony ni mita 1.2, anakula chini ya moja ya kumi, itabidi ukate picha baadaye. Lakini hicho utakachokikata Sony kitakuwa safi.

P1000 ndiyo inayokupa upana wa sentimita 23. Inasikika vizuri mpaka uishike. Ina kilo 1.4, na mwisho wa zumu tundu lake la kuingizia mwanga ni f/8, yaani dogo, mwanga unaingia kwa kijiko. Na sentimita 23 ndiyo upana wa dirisha lako: chozi akiruka hatua moja ametoka, na wewe unaanza kumtafuta upya kama mtu anayetafuta funguo gizani kwa tochi ya kalamu. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na picha nzuri sana za matawi.

---

Mzee wa Kubisha

Lakini mwezi mnaupata? Nasikia kwa hizo kamera unaiona bendera ya Wamarekani kule juu. Kuna watu wanazitumia hata kuthibitisha dunia ni chapati.

---

Jicho la Mwewe

Mzee wa Kubisha, mashimo ya mwezi utayaona vizuri sana, bendera hutaiona hata ukijichanga milioni mia. Kwa P900 mwezi unajaa kama robo tatu ya kimo cha picha. Kwa P1000 ukivuta yote unagusa juu na chini. Hao wa dunia chapati kweli waliipenda P900, walikuwa wakipiga meli zinazozama kwenye upeo wa bahari. Mkuu Kitwitwi ana bahari, atatuletea ripoti.

---

Njiwa Pori

Niko Nairobi, natumia hiyo RX10 IV mwaka wa nne. Kila Jumatano asubuhi kuna matembezi ya ndege ya Nature Kenya pale Makumbusho, mtu yeyote anaweza kujiunga, na ndipo nilipoona kamera za kila aina kabla sijanunua yangu. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: mwombe mtu ushike yake dakika tano. Utajua mengi kuliko video ishirini za YouTube.

Sony nilichoipendea ni fokasi. Ndege anayeruka inamfuata, na inapiga picha 24 kwa sekunde. Mwewe akipiga mbizi unampata. Hizi za sensa ndogo, fokasi yao inakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, na P900 ukipiga mkupuo wa picha saba inasimama kuandika kwenye kadi, ndege anakutazama, wewe unatazama kamera.

Lakini ndege aliye mbali kwenye matope, sikudanganyi, mwenye P900 atajua ni ndege gani na mimi nitakuwa nakisia.

---

Kitwitwi wa Ununio

Wakuu asanteni, nimesoma mara tatu. Sony naiacha, mfuko hauruhusu na mke anajua kusoma risiti.

Jicho la Mwewe, kwa hiyo unasema nisinunue ya zumu kubwa? Maana ndege wangu wako mbali kweli kweli. Maji yakikupwa huku ni kama mita 300 za mchanga na matope kabla ya kuwafikia, nikiwasogelea wanaruka.

---

Dereva wa Kaskazini

Mimi ni dereva wa watalii, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti. Kamera nimeziona hadi nimezichoka. Wageni wazee wa ndege siku hizi wengi wanakuja na hizi za lenzi moja, hasa Nikon hizo, kwa sababu mgongo wa mtu wa miaka sabini haubebi lenzi ya kilo mbili na tripodi.

Niwape vitu viwili ambavyo wauzaji hawasemi.

Cha kwanza, vumbi. Lenzi hizi zikitoka na kuingia zinapumua, zinavuta hewa na vumbi lake. Kamera ya kubadilisha lenzi unaifungua unapuliza sensa. Hii huwezi, ni fundi tu, na fundi wa kuifungua na kuirudisha vilevile ni wa kutafuta. Mwezi wa nane barabara ya Ngorongoro kwenda Serengeti, mgeni asiyefunika kamera yake na kanga jioni analia. Kwa hiyo kama unanunua iliyotumika, jua unanunua na vumbi la mwenzako.

Cha pili, mfuko. Shona mfuko wa kitambaa kizito, jaza mchele au maharage kilo mbili, weka juu ya paa la gari au kwenye dirisha, laza kamera juu yake. Unashinda tripodi yoyote. Na zima injini! Kuna mgeni alikuwa analalamika kamera yake mbovu, picha zote za ndege aitwaye kambu zimetikisika, kumbe ni mimi nilikuwa sijazima gari. Sikumwambia mpaka jioni.

---

Binti Mida

Hamjambo nyote. Mie ni wa Watamu, pwani ya Kenya, natembeza wageni Mida Creek na Msitu wa Arabuko-Sokoke. Kaka Kitwitwi, nimesoma maneno yako nikacheka, kwa sababu shida yako si zumu. Umesema unakwenda Jumapili asubuhi.

Hebu fikiria. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, liko usoni pako, ndege wote unawaona weusi. Tena maji yakiwa yamekupwa mita mia tatu, kati yako na ndege kuna mchanga unaochemka. Kufika saa nne hewa yote inacheza, ni mazigazi. Hapo hata ulete hiyo ya 3000, utapiga picha ya joto. Nimewaona watu na lenzi za mamilioni wanatoka hapa na picha kama zimechorwa kwa rangi ya maji. Umbali unavyozidi ndivyo unavyopiga hewa nyingi zaidi, na hewa haina kamera ya kuitibu.

Sikiliza tufanyavyo sisi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu yanakuwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na yanajaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo saa nane mchana unatafuta mahali pako juu ya alama ya maji, unakaa chini. Unakaa, husimami. Jua limeshahamia nyuma yako, linawamulika ndege. Maji yanapanda na kuwasukuma, hatua kwa hatua, wanakula wakija. Saa tisa na nusu wanaweza kuwa mita 25 mbele yako na hawana habari nawe, kwa sababu umekuwapo hapo kabla yao. Mimi nina Canon SX60, ya 2014 hiyo, mikwaruzo mitupu, na picha zangu za kitwitwi zina hadi chembe za mchanga mdomoni.

Mtu akimfuata ndege, ndege humuona mtu. Maji yakimleta, haoni kitu.

Halafu huyo ndege wako wa koleo nadhani namjua, lakini sisemi. Nionyeshe picha.

---

Jicho la Mwewe

Binti Mida ameua. Mimi miaka yote najua kuamka alfajiri kwa ajili ya mwanga, kumbe kwenye pwani ya mashariki nilikuwa naamka kupiga vivuli.

Kitwitwi, sasa ndiyo nakujibu. Sikusema usinunue zumu kubwa. Nasema 2000 inatosha na inabaki. Kati ya P900 na P950 lenzi ni zilezile 24 hadi 2000. P950 ina RAW, yaani picha ghafi unayoweza kuirekebisha vizuri baadaye, P900 haina, na kitundu cha kuchungulia cha P950 ni kizuri mbali sana. Kile cha P900 ni kama kutazama runinga ya zamani kupitia tundu la kitasa. Kwa ndege unachungulia siku nzima, usidharau hilo.

Canon SX70 nayo ina RAW, ina gramu 610 tu dhidi ya kilo nzima ya P950, utatembea nayo presha ishuke kama daktari alivyosema. Utapoteza urefu wa zumu. Na ina kitufe kimoja pembeni ya lenzi, ukikibonyeza zumu inarudi nyuma umuone ndege aliko, ukikiachia inarudi pale pale ulipokuwa. Nikon nazo zinacho. Jifunze kitufe hicho kabla ya kujifunza kitu kingine chochote, kitakuokoa kwenye kutafuta funguo gizani.

---

Mswahili wa Maskati

Salaam aleikum jamaa. Niko Maskati, nilikuwa nafanya kazi Dubai. Dada yako akiwa huko mwambie asinunue kwenye kibanda kwa sababu tu ya punguzo. Aombe boksi lifunguliwe mbele yake, namba ya kamera ifanane na ya boksi na ya waranti, na aulize kama waranti inafanya kazi nje ya nchi. Mimi niliwahi kuuziwa "mpya" ambayo ndani ya kadi nilikuta picha za birthday ya watu. Duka silitaji, nilishasamehe.

Halafu kabla hajaondoka apite Ras Al Khor, pale katikati ya jiji, kuna vibanda vya kutazamia ndege na flamingo wako karibu. Ajaribu kamera pale pale, akiona haifokasi anairudisha siku hiyohiyo.

---

Mzee wa Kubisha

Yaani dada wa watu anatoka kununua dhahabu yake anatumwa akapige flamingo. Nyinyi mna matatizo.

---

Kitwitwi wa Ununio

MREJESHO wa kwanza.

Nimekwenda Kariakoo kuiona ile P900. Kwa nje inang'aa. Nikafanya alivyoniambia Jicho la Mwewe kwa ujumbe wa pembeni: nimevuta zumu hadi mwisho na kurudisha mara kumi nikisikiliza kama inakwaruza. Haikukwaruza. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta fangasi, ule utando kama wa buibui, maana kamera za pwani zinaota fangasi zikifungiwa kabatini. Haukuwapo. Nikatoka mlangoni, nikaweka f/8 ili vumbi la kwenye sensa lionekane, nikapiga anga jeupe.

Nukta tatu. Moja kubwa katikati karibu na juu, pale pale ambapo kichwa cha ndege kinakaa.

Muuzaji akaniambia hizo ni ndege wako mbali. Nikamwambia kaka, nimepiga mara nne nikigeuka kila upande na ndege wako palepale. Akashusha hadi laki tisa. Nikakumbuka maneno ya dereva kuhusu vumbi la mwenzako, nikaaga.

---

Dereva wa Kaskazini

"Ndege wako mbali" 😂 Huyo muuzaji mpeni kazi ya kuongoza watalii.

---

Njiwa Pori

Umefanya vyema kuacha. Sasa ni P950 au SX70. Kama unatembea sana, Canon. Kama unakaa kama alivyosema Binti Mida, uzito si tatizo, chukua P950. Betri ya pili ununue siku hiyohiyo. P950 inahesabiwa picha 290 kwa chaji, na kwa kuvuta na kurudisha zumu zitapungua.

Na jambo la usalama. Lenzi ile ikinyooka inaonekana kama mtutu. Mimi niliwahi kusimamishwa na askari karibu nusu saa kwa sababu keremkerem wangu alikuwa amekaa kwenye waya, na nyuma ya waya palikuwa na jengo ambalo sikulijua ni la nini. Nilimwonyesha picha zote, akaishia kuniuliza yule ndege wa kijani anaitwaje. Lakini nusu saa ile sikuifurahia. Tazama kilicho nyuma ya ndege kabla hujainua kamera.

---

Kitwitwi wa Ununio

MREJESHO wa pili, Januari hii.

Dada alileta P950. Ras Al Khor alikwenda, na sasa naye ameanza, ananitumia picha za flamingo kila siku, Mzee wa Kubisha utajaza mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Nilifanya kila mlichonikataza. Nilikwenda asubuhi, maji yamekupwa, nikavuta yote 2000 kwa mkono, nikapata picha 140 za kitu kinachotetemeka. Nilimpata yangeyange mmoja, mweupe hadi hana manyoya, kama amekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi. Jicho la Mwewe akanieleza nipunguze mwanga kwa ndege mweupe, ile alama ya kujumlisha na kutoa niishushe hadi kutoa moja. Nikashusha. Manyoya yakarudi.

Kingine nilichojifunza kwa machungu: nilikuwa naiachia kamera ichague yenyewe pa kufokasi, inachagua mkoko ulio nyuma. Nimeweka kiboksi kidogo cha katikati, nakiweka kwenye jicho la ndege. Na fokasi ikigoma kabisa narudisha zumu nusu, naibana pale, ndipo navuta tena.

Juzi ilikuwa bamvua. Saa nane kasoro niko pale, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia, maji ya kunywa. Saa moja nzima hakuna kitu, ni mimi na watoto wanaookota kombe. Saa tisa maji yakaanza kuingia kwenye vijito vya mchanga, nikawaona wanakuja. Wale wa koleo. Kumi na tisa. Hawakimbii kama kitwitwi, wanatembea kama wazee wanaotafuta shilingi iliyoanguka, hatua tatu, wanasimama, wanainamisha kichwa. Mmoja akakimbia ghafla, akachoma mchanga, akatoka na kaa. Akamtikisa hadi gando moja likaruka.

Nyuma yake kulikuwa na mwenzake wa kijivu kijivu, mgongo si mweusi, amejikunyata, shingo ndani, anamfuata kila anapogeuka na kulia kama mtoto anayeomba pipi dukani. Yule mkubwa akamgeukia akampa kaa. Nimepiga hapo. Kasi 1/1000 ya sekunde, ISO 160, na zumu ilikuwa 1100 tu, sikuhitaji yote. Picha hizo hapo, ya tatu ukiikuza utaliona lile gando chini kwenye maji.

Binti Mida, haya sasa sema.

---

Binti Mida

Ndiye! Nilijua tangu uliposema koleo. Jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola, sisi kwa wageni tunasema mla kaa. Yuko peke yake kwenye familia yake, hana ndugu. Huyo wa kijivu ni mtoto wake. Wanakuja naye huku na bado wanamlisha miezi mingi, jambo ambalo ndege wengi wa pwani hawalifanyi, wengine wakishaota mabawa kila mtu na lake. Wageni wanasafiri kutoka Ulaya kuja Mida kumuona huyo, na wewe unamuona kwa kukaa juu ya ndoo.

---

Mswahili wa Maskati

Huyo ni wetu sote. Anazaliwa huku upande wetu, visiwa na fukwe za Uarabuni na Ghuba. Anachimba shimo kwenye mchanga kama kaa mwenyewe, anataga humo yai moja, jeupe. Halafu anashuka kwenu. Babu yangu naye alishuka hivyohivyo kwa jahazi akakaa Pemba miaka arobaini.

---

Jicho la Mwewe

1100 tu! Na jamaa yako wa kazini alitaka ununue ya 3000. Mwonyeshe hiyo picha.

---

Mzee wa Kubisha

Picha ya tatu ni kali, nakubali. Kunguru lini?

---

Kitwitwi wa Ununio

Kunguru ameshapita, aliiba mkate wangu nikiwa nabadilisha betri. Ushahidi ninao.

Dereva wa Kaskazini, ule mfuko nimeushona. Jeans ya zamani, kilo mbili za mchele, naulaza juu ya goti nikiwa kwenye ndoo. Tatizo ni kwamba juzi nilirudi jioni nikauacha jikoni, na mke wangu akawa ameshaufungua, maji ya kupikia yako motoni. Tumeelewana kwamba ule ni wa kazi. Ameushona upya kwa mkono wake, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino mzito: MCHELE WA NDEGE.